Mtoto wa Malindi mwenye sistiki faibrosisi: baridi ya Verona itamdhuru?

Swali limetoka kwa mama wa Shela, hapa Malindi. Ana kijana wa miaka 4 ambaye tangu uchanga alikuwa akikohoa, choo chake kina mafuta na harufu kali, na hanenepi hata akila sahani mbili. Alitibiwa kifua kikuu mara moja, akapewa lishe ya kuongeza uzito mara mbili, mpaka walipofika Nairobi ndipo ikajulikana kuwa ni sistiki faibrosisi. Damu ilipelekwa nje kupimwa vinasaba, na majibu yakarudi na hitilafu mbili: F508del na 3120+1G>A. Mumewe ni Mtaliano. Kazi ya hoteli imekwisha na anataka warudi kwao, kijiji cha karibu na Verona, mwezi wa Novemba.

"Shikamoo daktari," anaandika. "Mama yangu analia kila siku. Anasema mtoto ambaye kifua kinamkorota kwenye jua hili la Malindi, huko kwenye theluji hatamaliza mwezi. Mimi nimechanganyikiwa. Niende, ama mume atangulie nami nibaki na mtoto kwenye joto?"

Marahaba, dada. Nendeni, na mtoto aende nanyi. Kama ingekuwa shauri langu ningewasukuma muondoke Septemba badala ya Novemba, na sababu nitaisema huko mbele.

Mama yako lakini usimbeze. Sisi wa pwani tumelelewa na baridi kuwa ni kitu kinachoingia mwilini: huingia mgongoni, huingia tumboni, hukaa kifuani. Mimi nimezaliwa Lamu, na baada ya miaka yote ya kusomea watoto na kufanya kazi kwenye kliniki ya ugonjwa huu kaskazini mwa Uingereza, mpaka leo nikitoka kuoga na nywele mbichi wakati wa kusi namsikia bibi yangu ananigombeza. Kwa hiyo najua analia nini. Ila anachokiogopa kwa huyu mjukuu wake ni kitu kisichohusika sana, na yale ya kuogopwa hayajui.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Kwenye ngozi ya ndani ya mapafu, ya kongosho, ya utumbo na ya vijitezi vya jasho kuna vijilango vidogo vya kupitisha chumvi. Mtoto wako alizaliwa na vijilango hivyo vibovu. Chumvi isipopita sawasawa, maji nayo hayaifuati, na ute unaotakiwa uteleze unakuwa mzito kama gundi. Mapafuni gundi hiyo inanasa vijidudu na kuvifuga. Kwenye kongosho inaziba njia za vimeng'enya vya kusaga mafuta, ndiyo maana mafuta aliyoyala unayaona chooni. Kwenye jasho mambo yanageuka: chumvi iliyotakiwa kurudishwa mwilini inaachwa itoke. Bila shaka umeshambusu kipaji cha uso ukaonja chumvi.

Sasa sikiliza jambo ambalo ningependa umsomee mama yako. Ugonjwa huu ulielezwa vizuri mwaka 1938 na Dorothy Andersen, daktari wa New York. Siri ya chumvi ilijulikana baadaye, na kilichoifichua ni joto. Kiangazi cha 1948 New York ilikumbwa na joto kali, watoto wakaletwa hospitali wameishiwa nguvu kwa kukaukiwa, na madaktari wakagundua kwamba wenye ugonjwa huu ni wengi mno kati yao. Paul di Sant'Agnese, daktari mzaliwa wa Roma, akalifuatilia jasho lao, na mwaka 1953 akaeleza kwamba lina chumvi kupita kiasi. Kipimo cha jasho tunachotegemea hadi leo kimetokana na hapo. Kloridi ikifika milimoli 60 kwa lita, jibu limepatikana. Siri hiyo ilianza kutambulikana kwa watoto kuanguka kwenye jua. Kaskazi yetu ya Januari mpaka Machi, jua la utosi na shati limelowa saa tatu asubuhi, ndiyo hali ya hewa inayomtia mwanao hatarini moja kwa moja. Tena watoto hawa wana balaa jingine: kwa vile maji na chumvi vinawatoka pamoja, damu haizidi ukali, na kiu haiwashiki inavyotakiwa. Anacheza mpira ufukweni mpaka anazirai, na maji hajaomba.

Na si chumvi tu. Utafiti uliolinganisha wagonjwa wa sehemu za joto na za baridi, Marekani na Australia, uliona kwamba wa sehemu za joto zaidi ndio waliokuwa na kijidudu cha Pseudomonas kwa wingi, na mapafu yao yalikuwa dhaifu kidogo. Kijidudu hicho kinapenda maji yaliyotuama na uvuguvugu. Nikikumbuka birika la nyumba yetu ya Lamu, lile la kuogea kwa kata, na visamaki vyake vya kula mabuu ya mbu, nashukuru kwamba kwetu hakukuwa na mtoto mwenye ugonjwa huu.

Baridi inamfanya nini basi? Hewa baridi na kavu ikivutwa kwa ghafla inaweza kubana njia za hewa, akakohoa na kifua kikapiga filimbi. Dawa yake ni rahisi: skafu juu ya pua na mdomo ili hewa ipate joto kabla ya kuingia, na kama daktari ameshaona kifua chake hubana, dawa ya kupuliza dakika kumi na tano kabla ya kutoka. Baridi haitii vijidudu mapafuni. Haigandishi makohozi. Mtoto anayekimbia nje nyuzi 5 akapumua kwa nguvu na kukohoa anafanya nusu ya kazi ya fiziotherapia, yale mazoezi ya kutoa makohozi, bila kulazimishwa. Halafu Verona si Siberia. Januari usiku ni kama nyuzi 0, mchana 6 au 7. Theluji yenyewe ni kidogo. Kilicho kingi ni ukungu.

Na hapo kwenye ukungu ndipo wasiwasi wangu unapoanzia. Verona iko kwenye ukingo wa bonde la mto Po, na bonde hilo limezungukwa na milima ya Alpi upande mmoja na Apenini upande mwingine. Upepo hauna pa kupita. Majira ya baridi moshi wa magari, wa viwanda, wa mashamba na wa majiko ya kuni unatuama juu ya watu kwa siku nyingi, na hewa yake ni miongoni mwa hewa chafu zaidi Ulaya. Wewe umezoea upepo wa bahari unaofagia kila kitu. Kwa hiyo nyumba mnayotafuta, kabla hujauliza ina vyumba vingapi, uliza iko umbali gani na barabara kuu, na inapashwa joto kwa nini. Jiko la kuni sebuleni ni zuri kwa picha. Kwa mapafu ya huyu mtoto silitaki. Siku ambazo manispaa inatangaza hewa ni mbaya, michezo ya kukimbia ifanyike ndani, na Jumapili mpandisheni milimani juu ya ukungu, mahali jua linapoonekana. Huko theluji ipo, mwache ajigaragaze.

Ndani ya nyumba ndiko kutakakokushinda kama hukujiandaa. Hapa Malindi madirisha yako wazi mwaka mzima. Kule watu wanafunga kila kitu kuanzia Oktoba, kipasha joto kinakausha hewa, watoto thelathini wanapumuliana darasani, na virusi vya mafua makali na vya RSV, vinavyoshambulia vifua vya watoto, vinazunguka mpaka Machi. Hao ndio wanaowapeleka watoto wetu hospitali wakati wa baridi. Fungua madirisha dakika kumi, mara mbili tatu kwa siku, hata kama mama mkwe atapiga kelele kwamba unapoteza gesi. Usianike nguo chumbani, kwa sababu unyevu unaleta kuvu ukutani, na kuna kuvu iitwayo Aspergillus ambayo mapafu haya hayaivumilii kabisa. Kama babu yake ana zizi na nyasi kavu, mtoto asicheze humo. Kuvu hiyo inajaa kwenye vumbi la nyasi. Vile vyombo vya kutoa mvuke wa kulainisha hewa sivipendi, maana maji yake yakikaa siku mbili yanakuwa bwawa la vijidudu.

Na udi, dada. Najua. Hakuna mke wa pwani atakayekwenda Ulaya bila kijaluba cha udi, na siku ya kwanza ya upweke utatia makaa kwenye chetezo ili nyumba inukie kwenu. Nyumba iliyofungwa dirisha, moshi wa udi au ubani una mahali pamoja tu pa kwenda, mapafuni mwa huyo mtoto. Fukiza nguo zako kwa jirani, au acha. Kujifukiza na maji ya moto chini ya shuka pia uache. Nimeshauguza watoto walioungua kwa sufuria hiyo, na makohozi hayakupungua.

Sababu ya Septemba sasa umeshaipata. Chanjo ya mafua hutolewa msimu wa vuli wa kule, na inahitaji kama wiki mbili kushika. Ukifika Septemba mtoto ataonana na kituo chake, atachanjwa, na ataingia kwenye baridi taratibu. Ukifika mwisho wa Novemba unateremka ndege katikati ya virusi, huna kadi wala miadi. Lakini kama haiwezekani, nendeni hiyo Novemba, na wiki chache za mwanzo mtoto akae mbali na shule.

Juu ya chumvi nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapokosea kwa nia njema. Ukitoka Malindi kuelekea Garsen unapita Gongoni na Marereni, unaona yale marundo meupe ya chumvi kando ya barabara. Nina hakika umeshaambiwa umtilie mtoto chumvi zaidi ya wenzake, na unafanya hivyo. Watu wakifika kwenye baridi wanasema sasa hatoki jasho, wanaipunguza siku ile ile. Asubuhi moja ya Januari, kliniki kule Uingereza, bibi mmoja alimleta mjukuu wake amevikwa fulana, sweta mbili na koti la manyoya, na humo chumbani kipasha joto kilikuwa kinavuma. Mtoto alikuwa amelegea, hataki hata kuushika mpira. Tulipomvua, shingo ilikuwa imelowa chapachapa. Nikampitisha kidole juu ya sikio, pale jasho lilipokwisha kukauka, nikatoka na chembe nyeupe zinazokwaruza. Nje ilikuwa nyuzi 2. Damu yake ilikuwa na upungufu wa chumvi kama mtoto aliyeshinda juani.

Kwa hiyo mvike tabaka nyembamba nyembamba za kuvuliwa, na akiingia ndani mvue. Shati la ndani likilowa, libadilishe. Chumvi usiikate mpaka kituo kimempima damu na kukwambia kiasi, na siku ya homa, kutapika au kuharisha ikumbuke zaidi. Kijana akiomba achari, bilimbi za chumvi au ubuyu wa chumvi, mpe.

Jua nalo ni jambo jingine. Malindi iko nyuzi 3 tu kusini ya ikweta, Verona iko nyuzi 45 kaskazini. Kuanzia Novemba mpaka Februari jua la kule liko chini mno, ngozi haiwezi kutengeneza vitamini D hata mtoto akishinda nje uchi. Ngozi nyeusi inahitaji jua jingi zaidi ya nyeupe. Na huyu wako, juu ya yote, hafyonzi mafuta, na vitamini A, D, E na K zinasafiri ndani ya mafuta. Ana sababu tatu za kupungukiwa, mtoto wa Kitaliano mwenye ugonjwa huo huo ana mbili. Lazima awe na vidonge au matone yake ya vitamini hizo nne kabla hamjaondoka, na mwisho wa kila majira ya baridi apimwe damu. Ukiona wanampa dozi ile ile wanayowapa watoto wote, waulize kwa upole kama wameangalia ngozi yake.

Vimeng'enya anavyokula na chakula, vile vya kapsuli, umeniandikia kwamba "siku hizi kama havifanyi kazi." Kabla ya kuongeza dozi niambie unaviweka wapi. Havitakiwi kukaa juu ya nyuzi 25, na kabati la jikoni hapa kwetu mwezi wa Februari linapita 30 mchana kutwa. Hili moja Verona itakurekebishia, mradi usiviweke juu ya kipasha joto wala ndani ya gari. Kapsuli ikifunguliwa, chembe zake zichanganywe na kijiko cha tunda lililopondwa, tufaha au embe, zimezwe bila kutafunwa, halafu maji juu yake. Kwenye uji wa moto au maziwa zinaharibika kabla hazijafika tumboni. Zikibaki mdomoni zinachubua fizi.

Chakula chetu kinamfaa kuliko watu wanavyodhani: wali wa nazi, samaki wa kupaka, mbaazi za nazi, mahamri. Mtoto huyu anahitaji nguvu nyingi kuliko rika lake, na mafuta ndiyo njia yake. Kule utapata mafuta ya zeituni, siagi na jibini, na hamu ya kula kwenye baridi huongezeka, kwa hiyo mhesabie vimeng'enya kwa mafuta yaliyomo kwenye sahani, maziwa ya jioni yakiwemo. Dozi ya kutwa nzima isivuke yuniti 10,000 za lipase, kimeng'enya cha kusaga mafuta, kwa kila kilo ya uzito wake.

Kuna jambo watu hawaliulizi hadharani. Vimeng'enya hivyo vimetokana na kongosho la nguruwe. Nimeona bibi mmoja akivitupa chooni baada ya kusomewa kikaratasi cha ndani ya kopo, na mtoto akapungua kilo mbili kabla mama hajajua. Badala inayofanya kazi sawasawa na hivyo haijapatikana madukani. Masheikh niliowauliza walinijibu kwa aya ya 173 ya Suratul Baqara, ya mwenye kulazimika, na wote walisema dawa hii ni dharura iliyo wazi. Muulize wako pia, tena mbele ya mama yako, kabla ya safari, ili lisije kuzuka kwa simu wakati wewe uko mbali.

Sasa faida ya kwenda, maana mpaka hapa nimeongea kama mtu anayehesabu miiba. Italia ina sheria mahsusi ya ugonjwa huu, namba 548 ya mwaka 1993, inayotaka mikoa iwe na vituo maalumu na mgonjwa apewe dawa na vifaa vya nyumbani bure. Kituo cha Verona ni cha zamani na kina jina. Jina la ugonjwa kwenye makaratasi yao utaliona *fibrosi cistica*, na msamaha wa malipo unaandikwa kwa namba 018. Ukiandikishwa kwenye huduma ya afya, hakikisha namba hiyo imeingia. Huko mtoto atakuwa na daktari, mtaalamu wa fiziotherapia na mtaalamu wa lishe wanaomjua kwa jina, na makohozi yake yatapimwa mara kwa mara ili Pseudomonas akikanyaga tu afukuzwe. Hapa kwetu kila kimoja kati ya hivyo unakitafuta kwa tochi.

Na kuna kubwa zaidi. Ile F508del moja kwenye majibu yake inamwezesha kuwa mmoja wa wanaofaa kwa dawa mpya yenye mchanganyiko wa dawa tatu, elexacaftor, tezacaftor na ivacaftor. Dawa hiyo inaurekebisha ule mlango wenyewe badala ya kufuta maji yaliyomwagika. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2019 na Ulaya mwaka 2020, na sasa umri umeshushwa mpaka miaka 2. Bei yake Marekani ilianzia zaidi ya dola 300,000 kwa mwaka, ndiyo maana hapa hatuiongelei. Watoto niliowaona wakiianza, kikohozi kiliwaacha ndani ya wiki, na mama zao hawakuweza kulala kwa kuzoea kukisikia. Jambo la kwanza kumuuliza daktari wa Verona liwe hili. Inamezwa na chakula chenye mafuta, ini linapimwa kila baada ya muda, tabia na usingizi wa mtoto vinaangaliwa, na balungi haliliwi kabisa. Akiianza, jasho lake litapungua chumvi, na ile hesabu ya chumvi niliyokueleza itafanywa upya.

Hapo hapo kwenye karatasi ya vinasaba nikutoe jambo moyoni, kwa sababu umeandika kwamba kwenu wanasema "ni ugonjwa wa wazungu, umeletwa na baba yake," na ukweni wanaweza kusema kinyume chake. Ni kweli Ulaya kama mtu 1 kati ya 25 anabeba hitilafu hii bila kuumwa, na F508del ni ya kwao hasa. Lakini 3120+1G>A ndiyo inayoonekana sana kwa wagonjwa wenye asili ya Afrika, na imeonekana kwa Waarabu pia. Mtoto haugui mpaka apewe moja na kila mzazi. Kila mimba yenu ina nafasi 1 kati ya 4. Mkitaka mwingine, ongeeni na kituo kwanza.

Kitu kimoja cha kule kitakuuma. Utatamani kukutana na mama mwenzio mwenye mtoto kama wako, mkae, watoto wacheze, mliwazane. Hawataruhusu. Watoto wenye ugonjwa huu wanaambukizana vijidudu vinavyokataa dawa, kwa hiyo kwenye kliniki kila mmoja anaingia chumba chake, na wakipishana wanaachiana mita mbili. Wazungumze wakubwa, kwa simu.

Safari sasa, kwa haraka. Ndani ya ndege hewa ni nyepesi kama mtu aliyepanda Nyahururu, karibu mita 2,400, kwa hiyo apimwe oksijeni kabla ya tiketi. Dawa zote, za miezi miwili ikiwezekana, na mashine ya kuvutia dawa kwa mvuke ziende mkononi, zisiingie tumboni mwa ndege. Umeme wa Italia ni volti 230, mashine yako ya hapa itafanya kazi. Kinachotakiwa ni kichwa cha plagi tu. Vikombe vya mashine vioshwe kwa sabuni na kuchemshwa dakika tano kama ulivyozoea. Chukua kijitabu cha kliniki chenye chanjo, na uwaambie alichanjwa BCG, ile ya kuzuia kifua kikuu, kwa sababu kule watoto wengi hawachanjwi hiyo, na kipimo cha ngozi cha kifua kikuu kinaweza kuvimba kikawatisha.

Akipata homa miezi mitatu ya kwanza, sentensi ya kwanza mlangoni iwe "tumetoka Malindi, mpimeni malaria." Daktari wa kule ataona mapafu, atatibu mapafu, na kimelea kitaendelea na kazi yake. Mkija likizo mtoto atakuwa amepoteza kinga ya malaria, atahitaji dawa za kuzuia, na hizo zipitiwe kwanza na kituo chake kwa sababu baadhi hazikai vizuri na ile dawa mpya. Rifampisini ya kifua kikuu ndiyo mbaya kuliko zote, inaifuta karibu kabisa. Mtu asije akamwanzishia tena hapa kwa kumwona anakohoa.

Barua ya daktari ni ya lazima, na hapa nakuungamia kosa langu mwenyewe. Niliwahi kumwandikia mtoto aliyekuwa anahama nikaweka majina ya biashara ya dawa, yale ya kwenye makopo. Kule alikokwenda mawili kati ya hayo hayakujulikana, na alikaa siku sita bila dawa moja huku mama akionyesha kopo tupu kwenye kila duka. Tangu hapo naandika jina la dawa lenyewe, nguvu yake, dozi kwa kilo, saa za kumeza, na majibu ya vinasaba nayabandika nyuma. Wiki hii mpelekee daktari wenu makopo yote, hata yaliyokwisha, na usitoke kwake mpaka kila kopo limepata mstari wake.